Ukurasa wa Themanini na Nne

Siraje hawezi kuchora. Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba nilimfichia. Mpe kalamu, mwambie achore kikombe, atakuchorea kitu chenye sikio lililovimba, kisha atakitazama kwa raha zake zote. Mtu huyo alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa kampuni yetu kwa miaka mitatu, na mimi, Maimunah, mwenye shahada ya sanaa kutoka chuo kikuu kile cha pale juu ya Wandegeya, nilikuwa mpangaji wa kurasa zake. Yeye aliamua picha ipi iingie kitabuni, mimi nikaiingiza.

Na isitoshe, ilinibidi nimwite mjomba. Sisi Wanubi wa Kampala hatuko wengi. Babu zetu waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza, wakabaki, na tangu siku hiyo kila ukitaka kumtukana mtu unagundua ni ndugu yako. Mama yangu na Siraje ni watoto wa mtu na kaka yake. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nasema asalaam aleikum mjomba, naye ananijibu waaleikum salaam binti, umekula? Miaka mitatu, swali lilelile. Kama sijala, utanipikia?

Kampuni inaitwa Dadu Saba. Tunatengeneza michezo ya mezani, ile ya watu watano kuketi pamoja, mmoja akasimulia, wengine wakajifanya mashujaa, na dadu zikaamua nani anapona na nani analiwa na mamba. Mchezo wenyewe ni kitabu. Kitabu kinene, chenye kanuni, visa na picha, na bila picha hakinunuliwi, maana hakuna mwenye akili timamu atakayesoma kurasa mia mbili za namna ya kupigana na mizimu asiyoiona. Mwenye kampuni ni Erinayo, kijana wa mali ya babake, aliyesomea ng'ambo akarudi na mchezo huu na sweta lenye joka kifuani. Analivaa hata Februari. Ofisi yetu ni chumba cha juu cha nyumba ya kupanga, Mbuya, na choo chake ndicho kilicho mwisho wa ukumbi, jambo ambalo utaona lina maana.

Sasa sikiliza jinsi muuza mitumba anavyopata ukurugenzi. Kitabu chetu cha kwanza kilikuwa na jalada la malkia amepanda kiboko. Hakikuuzika. Erinayo akawa anatembea nacho kila mahali, akiwauliza watu kosa liko wapi, na siku moja akaingia nacho soko la Owino kununua jaketi. Kibanda kilikuwa cha Siraje. Alikichukua kitabu, akakibana kwa vibanio viwili kwenye kamba ya majaketi, akarudi nyuma hatua kumi katikati ya watu na mizigo yao, akafinya macho.

"Hii hata ukiiweka kwenye lundo la nguo za mia tano hainunuliwi," akasema. "Huyu mama hajakaa juu ya mnyama. Anaelea."

Basi. Erinayo akaona amepata nabii. Wiki mbili baadaye Siraje aliletewa meza, kiti, na karatasi mlangoni yenye cheo chake. Nami niliyeomba nafasi hiyohiyo kwa barua na vyeti nikaambiwa nina mikono mizuri, nipange kurasa. Sijasema nani alimchora yule malkia. Ni mimi.

Kazi ya mkurugenzi wa sanaa, kwa asiyeijua, ni hii. Unasoma kitabu kabla hakijawa kitabu. Unaamua picha zikae wapi. Unamtafuta mchoraji wa kila moja, unamweleza unachotaka, unamrudishia akikosea, na akipatia unamtetea kwa mwenye kampuni ambaye daima anataka joka liongezwe. Ni kazi ya msomi. Siraje aliigeuza Owino. Alifunga kamba ukumbini kutoka dirishani hadi ukutani, akaanika michoro kwa vibanio, akawa anarudi kinyumenyume hatua kumi hadi mgongo ugonge mlango wa choo. Hapo ndipo alipofanyia maamuzi yake. Ukiwa ndani ya choo, unasubiri amalize.

Neno lake lilikuwa moja, "Rudia." Watoto wa watu wamekesha wiki nzima, wanaleta kazi, anafinya macho, rudia. Mchoraji wetu mmoja Mkongo, Tresor, fundi hasa, aliwahi kumuuliza arudie nini. Siraje akamjibu kwamba nguo ya yule mchawi haijawahi kuvaliwa na mtu. Tresor alienda akanung'unika kutwa nzima, kisha akachora upya nguo yenye viwiko vilivyolegea, na ikawa picha iliyopendwa kuliko zote. Sisemi hili kumsifu Siraje. Hata saa iliyosimama husema kweli mara mbili kwa siku.

Kulikuwa na desturi nyingine aliyoitoa sokoni. Kurasa zinapopangwa, picha nyingi huwa hazijafika, kwa hiyo unaweka kitu cha kushika nafasi, kisanduku cheupe tu, hadi picha ije. Kila mpangaji wa kurasa duniani anaweka kisanduku cheupe. Siraje alikataa. Alitaka pawekwe mchoro wake yeye, wa kalamu ya wino, unaoonyesha nani amesimama wapi: mtu mwenye kichwa cha yai, vidole vitatu, miguu miwili ya vijiti. Na chini yake liandikwe jina la mchoraji anayesubiriwa.

"Kibanda kinaandikwa jina la mwenyewe kabla bidhaa haijaja, binti," aliniambia. "La sivyo mwingine anakaa."

Mjinga huyo. Lakini nikaandika majina, maana ndiyo kazi niliyopewa.

Kitabu cha pili kikauzika, tena sana, ila ramani yake ilichapwa juu chini. Kosa lilikuwa la Siraje, hakuikagua. Erinayo alikasirika hadi akavua sweta. Akatamka mbele yetu sote kwamba kosa jingine moja tu la uchapaji, mjomba anarudi kwenye majaketi yake. Nililisikia vizuri neno hilo, nikaliweka.

Ndipo alipokuja Adoch. Msichana mrefu, mkimya, wa miaka ishirini na miwili, binti ya Sajenti Otema wa polisi, Mwacholi, aliyeishi naye katika kambi moja ya polisi hapa mjini. Hakusomea sanaa popote. Alijifunza kuchora nyuma ya fomu za polisi ambazo baba yake alileta nyumbani. Alileta bahasha yenye michoro, Siraje akaianika, akarudi hatua kumi, akaenda akanunua chapati mbili, akampa moja. Hakusema rudia. Alimpa ukurasa wa themanini na nne wa kitabu cha tatu, ukurasa mzima, picha ya Mlinzi wa Lango la Kinamasi, mzee ambaye amelinda mlango mmoja miaka mia na hakuna aliyekuja kumpokea zamu.

Adoch alitueleza shida yake siku hiyohiyo, akila chapati. Baba yake alitaka aingie polisi. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa ya mwisho ya Julai, na mzee ameshamchukulia fomu. Yeye hakutaka. Akamwambia baba yake ana kazi ya kuchora, na mzee akamwambia hivi: miaka thelathini nimekaa kaunta nikiandika kitabu cha matukio, na kisichoandikwa kitabuni hakikutokea. Nionyeshe kazi yako ndani ya kitabu, jina lako liko hapo, nitachana hii fomu kwa mkono wangu mwenyewe. Usiponionyesha, Ijumaa twende pamoja.

"Kitabu kinatoka lini?" Adoch akauliza.

"Jumamosi kabla ya Ijumaa hiyo," Siraje akasema. "Utachelewa wewe, kitabu hakichelewi."

Akamrudisha mara sita, huyo binti wa watu. Mara ya kwanza Mlinzi alikuwa na misuli, Siraje akasema huyu ni mchezaji mpira. Mara ya tatu alikuwa na ndevu nzuri na mkuki mzuri, akasema huyu hajawahi kusimama zamu. Mara ya tano Adoch alilia pale kwenye kamba, nami nikamwambia mjomba kwa adabu zote kwamba anatesa mtoto. Akaniambia babu yetu alisimama zamu miaka kumi na tisa, na mtu wa zamu hasimami kwa miguu miwili, anahama mguu hadi mguu. Akamwambia Adoch aende nyumbani akamtazame baba yake akitoka kazini, amtazame kuanzia chini.

Mara ya saba aliileta Jumatano alasiri. Nilikuwa nimeketi, nikasimama. Mzee kwenye ile picha ameegemea mguu wa kushoto, buti la kulia limelegezwa kamba kwa sababu mguu umevimba, mkono umeshika mkuki, si kwa vita, ni kwa kutoanguka. Nyuma yake mafunjo na maji meusi. Uso unatazama njia ambayo mpokea zamu angekuja. Siraje aliianika, akarudi hatua kumi, akaketi sakafuni mlangoni pa choo. Hakula mchana ule. Mimi nilijua kabisa kwamba sitawahi kuchora kitu kama kile, hata nikipewa miaka mia ya yule mzee, na sikumpenda yeyote kati ya wale wawili kwa kunijulisha hilo.

Sasa nifike mahali penyewe. Siraje alikuwa ameshakagua kurasa zote asubuhi ile, ameziwekea sahihi, na ukurasa wa themanini na nne ulikuwa bado una yai lake lenye miguu ya vijiti, na chini yake, kwa herufi safi, Mchoro: Adoch. Mtambo wa uchapaji ulikuwa unasubiri faili kabla ya saa kumi na moja. Siraje akaniambia, "Binti, muingize Mlinzi mahali pake, kisha tuma. Mimi nakwenda kuswali."

Akaenda kuswali. Hivyo tu. Hakusimama nyuma yangu, hakusema rudia. Ameniamini.

Nilifungua faili. Nikautazama mchoro wake, yai, vidole vitatu, nikafikiria vitabu elfu moja vyenye kichekesho hiki, nikafikiria uso wa Erinayo. Nikafikiria kile kiti. Sikufanya kitu. Watu hufikiri uovu ni kazi, lazima utoke jasho. Mimi sikufanya kitu hata kimoja, nilituma faili kama ilivyokuwa. Kama mtu angeniuliza kuhusu Adoch, ningesema picha yake itaingia chapa ya pili. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi mwenyewe sikujiuliza. Sikumfikiria. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi tulizindua kitabu katika ukumbi mmoja Wandegeya, karibu na hosteli za wanafunzi. Vijana walijaa, wengine na makoti ya kichawi, wengine na mapanga ya maboksi. Vitabu vilifika vimefungwa nailoni moja kwa moja kutoka mtamboni, hakuna aliyekuwa amevifungua. Erinayo alihutubia kwa muda mrefu kuhusu ndoto yake. Na katikati ya upuuzi wote huo akaingia Sajenti Otema, sare imepigwa pasi hadi inakata, kofia kwapani. Alikuwa ametoka zamu. Aliegemea mguu wa kushoto.

Adoch alichana nailoni mwenyewe. Alikuwa anatabasamu, na sikuwahi kumwona akitabasamu. Akampa baba yake kitabu kwa mikono miwili, akamwambia, "Ukurasa wa themanini na nne, baba."

Mzee akafungua taratibu, akilowesha kidole, ukurasa baada ya ukurasa, hakuruka hata mmoja. Siraje alikuwa kando, mikono nyuma, amejaa fahari kuliko bwana harusi. Nilikuwa hatua chache kutoka kwao, nimebeba sahani ya sambusa. Nilikuwa nimejiandaa kuuona uso wa Siraje. Badala yake nikauona wa Adoch.

"Hii ndiyo kazi ya miezi mitano?" Otema akauliza, kwa Kiswahili chake cha kambini.

Adoch alinyoosha mkono, akafunua ukurasa uliofuata, akitafuta.

"Afande," Siraje akasema, akasogea. "Huo mchoro ni wangu. Picha ya binti yako ipo, ni kubwa, ni nzuri, haikuingia. Kosa ni letu sisi ofisini."

"Hapa chini iko jina ya nani?"

"La Adoch. Lakini afande, hilo jina tunaliandika mapema, ni desturi yetu ya..."

"Mimi nimeuliza jina ya nani. Umejibu." Akakifunga kitabu, akamrudishia Siraje kwa mikono miwili, na hakukuwa na ukali ndani yake hata kidogo. "Mtu akiandika jina yake chini ya kitu, kitu ni yake. Asante kwa kumlea."

Wakatoka. Adoch alitembea nyuma ya baba yake hatua mbili. Vijana wa mapanga ya maboksi wakawapisha.

Erinayo alikuja mbio, ameona ukurasa. Akauliza nani alituma faili. Mimi nilishika sahani yangu ya sambusa. Siraje alinitazama, akafinya macho kama anavyoangalia michoro, na nikajua amejua.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa na haraka ya kwenda kuswali."

Alifukuzwa palepale, mbele ya watu, na mtu mwenye joka kifuani. Wala hakubisha. Ningekuwa mimi ningebisha hadi ukuta udondoke. Lakini Siraje ni mtu wa namna hiyo, mpe pigo atauliza kama mkono wako haujaumia, na watu wa namna hiyo wanakera, kwa sababu huwezi hata kumchukia mtu kwa raha.

Alikuja ofisini Alhamisi kuchukua vibanio vyake. Nilimkuta anafungua kamba. Akanieleza bila kuulizwa kwamba Jumatatu alikwenda Wandegeya, akachapisha picha ya Adoch kwenye karatasi nzuri, saizi ileile ya ukurasa, akaibandika mwenyewe kwa gundi juu ya lile yai, kingo zimelingana, akaikandamiza chini ya godoro siku mbili. Jumatano jioni akakipeleka kitabu kambini kwa Otema.

"Akasemaje?" nikauliza, maana nilikuwa bado na hamu ya kujua.

"Alitazama muda mrefu. Akashuka hadi kwenye buti. Akasema, hii miguu ni yangu." Siraje alikuwa anahesabu vibanio, akavihesabu tena. "Kisha akaupapasa ukurasa kwa kidole. Akasema, mzee, hii imebandikwa. Mimi nikibandika ukurasa kwenye kitabu cha matukio nafungwa miaka saba. Akasema angependa kuamini, lakini akianza kuamini kurasa zilizobandikwa, miaka thelathini yote alikuwa anafanya nini."

"Mzee mkaidi," nikasema.

"Ni mtu wa zamu." Akatia vibanio mfukoni. "Faili ilitumwa saa kumi na dakika ishirini, mimi nikiwa kwenye swala, binti. Kompyuta imeandika, na jina lako. Erinayo hajui kutazama mambo hayo. Sitamwonyesha. Mama yako ni dada yangu."

Nilimdharau kwa neno hilo kuliko kwa mayai yake yote. Mtu una kisu mkononi, adui yako amelala, unamfunika shuka. Angenitukana, tungekuwa sawa. Akatoka, na mlangoni akageuka kuniuliza kama nimekula.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Adoch alikwenda na baba yake na fomu.

Kiti nilikipata mimi, nani mwingine. Sasa ni mwaka na nusu. Nimeondoa kamba, tunatazama michoro kwenye kompyuta, kama watu wastaarabu, na mahali pa kushika nafasi naweka kisanduku cheupe bila jina la mtu. Tresor amehamia kwingine. Kitabu cha nne kilitoka Machi. Nakala zisizouzika zimeungana na zile za malkia wangu kushikilia mlango usijifunge. Chapa ya pili ya kitabu cha tatu haikuwahi kuchapwa. Siraje yuko Owino kwenye majaketi yake, mama hupita kumsalimia, anarudi na salamu zake kwangu ambazo sizitaki.

Mwezi uliopita niliibiwa simu kwenye taa za Wandegeya, dirisha la teksi liko wazi. Ukitaka kurudishiwa namba yako lazima uwe na barua ya polisi, kwa hiyo nikaenda kituoni. Nilipanga foleni nyuma ya mwanafunzi aliyepoteza kitambulisho na mama aliyepoteza mume. Zamu yangu ilipofika nikainua kichwa, na kaunta nzima ilikuwa Adoch. Sare imepigwa pasi hadi inakata. Nywele zimekatwa. Mbele yake kitabu cha matukio, kikubwa, mistari ya bluu, na kalamu imefungwa kwa uzi isiibiwe.

"Dada Maimunah," akasema. "Karibu. Mzee Siraje hajambo?"

"Hajambo. Na baba?"

"Alistaafu. Mguu wake umezidi, hatoki sana. Anapenda nikirudi nimsomee yaliyoandikwa leo." Alivuta kitabu karibu. Nilitazama pambizo zake, kurasa mbili zilizo wazi mbele yangu. Hakukuwa na hata mstari mmoja wa kuchora, hata ua, hata jicho. Mwandiko tu, ulionyooka.

"Unachora bado?" nikamuuliza.

"Wapi?" akasema, na hakuwa ananisuta, alikuwa anauliza tu.

Akatazama saa ya ukutani, akaandika saa. Akaandika tarehe. Akaandika jina langu bila kuniuliza, herufi zote mahali pake, kisha akaweka ncha ya kalamu mwanzoni mwa mstari mtupu, akanitazama kwa upole wa kazini.

"Haya, dada. Sema lililotokea, niandike. Sema yote, kwa sababu ukishaweka sahihi siwezi kuongeza."

Nyuma yangu mtu alikohoa. Kalamu ilikuwa pale juu ya karatasi. Kinywa changu kilifunguka, na nafasi ilikuwepo, nasema kweli, alinipa nafasi ndefu kuliko aliyowapa wale wengine.

"Simu," nikasema. "Nimeibiwa simu."

"Ya rangi gani?"

"Nyeusi."

Akaandika: simu moja, nyeusi. Akanigeuzia kitabu, akanionyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi, chini kabisa.